Khalati, nimemwona Munshi

Khalati wangu mpenzi,

Natumai lile goti limepata nafuu. Sisi huku tu salama, baridi tu ndiyo inayotutesa. Ulinilalamikia kwenye simu kwamba watoto wa siku hizi hatuandiki tena, tunarushiana sauti za nusu dakika na kuona tumejuliana hali. Maneno yako yalinikaa moyoni. Leo nimeketi nikuandikie kwa kirefu, maana niliyoyaona Jumamosi hayaingii katika nusu dakika.

Nilipata siku ya mapumziko, mwenzangu akanishikia zamu kwa yule bibi ninayemtunza. Alfajiri nikapanda treni pale Waterloo kwenda Southampton, na kutoka huko nikavuka bahari hadi kisiwa wanachokiita Isle of Wight. Kuna jumba huko linaitwa Osborne, ambako Malkia Victoria alikuwa akikaa miezi kadhaa kila mwaka, na ndiko alikofia. Lakini Khalati, sikwenda kwa ajili ya Malkia. Nilikwenda kumtazama mwalimu wake, Hafidh Abdul Karim wa Agra.

Treni haijafika nusu ya njia, inapita mji wa Woking. Karibu kabisa na reli upo msikiti unaoitwa Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889 kwa mchango wa Begum wa Bhopal, na ni wa kwanza katika Uingereza kujengwa tangu msingi uwe msikiti. Wahindi Waislamu waliomtumikia Malkia katika kasri la Windsor walikuwa wakija hapo kuswali. Nilikuwa nimekaa upande wa dirisha makusudi nilione kuba lake, ila miti ilinizibia. Nikawasomea Fatiha hapo hapo kitini.

Feri ingekukumbusha Likoni: magari chini, watu juu, na wale wanaokimbilia ukingoni kabla haijang'oa nanga. Tofauti ni kwamba hii inachukua muda wa saa nzima na kila mtu ana kiti chake. Bahari ilikuwa ya kijivu, upepo unakata masikio. Tukashuka East Cowes, na kutoka hapo nikapanda mlima kwa miguu kwenda Osborne. Ukifika juu ndipo unaona kwa nini walipapenda: nyumba imekaa juu ya kilima, bustani inashuka kwa ngazi hadi pwani, na bahari imelala mbele yako yote. Victoria na mumewe Albert walipanunua mwaka 1845, wakaibomoa nyumba ya zamani wakajenga hii yenye minara miwili mithili ya nyumba za Italia. Albert alifariki mwaka 1861. Mjane wake akavaa nguo nyeusi, na hakuzivua tena kwa karibu miaka 40 hadi siku yake.

Vyumba vya chini nilivipita upesi, kwani dhahabu na vioo vya wafalme vinafanana kila mahali. Nilichokuwa nakitafuta ni ujia mrefu wenye picha za Wahindi. Malkia alimtuma mchoraji wa Austria, Rudolf Swoboda, aende Bara Hindi akawachore watu wa kawaida: wafinyanzi, askari, wakulima, wanawake na watoto. Zipo nyingi, ndogondogo, zimepangwa ukutani nyuso kwa nyuso. Mojawapo ni ya mzee Bakshiram, mfinyanzi aliyeletwa London mwaka 1886 pamoja na mafundi wengine waliokuwa wafungwa katika jela ya Agra, ili wafanye kazi zao mbele ya watu kwenye maonyesho makubwa. Nilisimama kwa mzee huyo kitambo. Macho yake yamechoka, na mchoraji hakuuficha uchovu huo.

Kisha nikamwona Abdul Karim. Picha yake ni ya mwaka 1888, rangi zake ni za dhahabu na wekundu, kilemba kichwani, kitabu mkononi. Kijana mwenye ndevu zilizotunzwa, anatazama pembeni kama mtu anayefikiri jambo. Kama usingeambiwa, ungesema huyu ni mwana wa sultani fulani.

Kumbe alikuwa karani. Alikuwa karani wa jela ile ile ya Agra, na baba yake alifanya kazi ya dawa hapo hapo. Mkuu wa jela aliombwa na Malkia amtafutie wahudumu wawili wa Kihindi, kwa kuwa mwaka 1887 ulikuwa mwaka wa jubilii yake ya miaka 50 na wageni wengi kutoka Bara Hindi walitarajiwa. Wakaletwa Karim na mwenzake Mohammed Buksh. Asubuhi ya tarehe 23 Juni walimpelekea Malkia chakula cha asubuhi kwa mara ya kwanza, pale Frogmore katika uwanja wa Windsor. Yeye alikuwa na miaka 68. Karim alikuwa na 24.

Sasa Khalati, wewe uliyekulia Mombasa ya zamani unajua vizuri tofauti ya karani na boi. Karani ana kalamu sikioni na watu humwamkia. Boi hubeba sahani. Abdul Karim alifika akakuta kumbe ameitwa kusimama nyuma ya kiti cha mtu akila, na jambo hilo lilimuumiza. Hakunung'unika jikoni. Alimwendea Malkia mwenyewe akamwambia: kwetu mimi ni karani, kazi hii siyo yangu, naomba ruhusa nirudi. Malkia akamsihi abaki. Mwaka 1888 akampandisha kuwa Munshi wake, yaani karani na mwalimu, na zile picha za kamera zilizomwonyesha akishika sahani mezani zikaharibiwa kwa amri. Hilo la picha ndilo lililonigusa. Mtu mwenye dola kubwa kama ile alielewa kwamba kuna picha inayoweza kumdhalilisha kijana mmoja, akaiondoa.

Na alimfundisha nini? Kihindustani, ambacho ndicho Kiurdu. Kila siku iliyowezekana, bibi wa karibu miaka 70, mwenye macho yanayofifia na magoti mabovu, aliketi na daftari. Munshi huandika mstari, Malkia hunakili chini yake. Wakaendelea hivyo kwa miaka 13, yakajaa madaftari 13. Nimeona picha ya ukurasa mmoja kitabuni. Khalati, ni zile herufi zetu! Alifu, be, te, zile ulizotuchapia vidole chuoni, pamoja na nukta chache za Kiajemi. Niliweza kuzitamka moja moja bila kuelewa sentensi, kisha ghafla neno linafunguka lenyewe, kwani hata wao husema kitabu, kalamu, dunia, dawa, habari. Hati yake Malkia ni ya mwanafunzi hasa, kubwa, ya kujikaza, wino mzito pale mkono uliposita. Nimewaza juu ya Sayyid Barghash alipokuja Uingereza mwaka 1875 akapokewa na Malkia huyu huyu Windsor, na mkalimani amesimama kati yao. Miaka 12 baadaye bibi huyo akaamua kwamba safari hii mkalimani asiwepo.

Munshi alimwandikia pia vijisentensi vya kutumia nyumbani. Kimoja kilikuwa cha kulalamika kwamba chai ya Osborne siku zote ni mbaya. Kingine kwamba yai halikuchemshwa vya kutosha. Nilicheka peke yangu mle ndani hadi mlinzi akanigeukia. Kisha nikaona uzito wake: ukimfundisha mtu lugha yako kwa kuanzia chai na yai, umemkaribisha jikoni kwako.

Kwa habari za jikoni, hili utalipenda. Agosti ya mwaka ule wa kwanza Karim aliingia jikoni akapika mchuzi wa kuku wa viungo, pamoja na dengu na pilau. Malkia akaupenda, na baadaye ukawa hauondoki kwenye meza ya mchana. Wapishi wa Kihindi walikuwa wakichinja wenyewe, na bizari na viungo vingine wakivisaga wenyewe kwa mawe. Fikiria harufu ya bizari ikipita kwenye korido za mabwana wale!

Mabwana wenyewe hawakumpenda. Hapa sitaki kukuficha kitu, kwa sababu Munshi hakuwa malaika. Alikuwa na kiburi, alipenda vyeo na ardhi na nishani, na alivipata. Shemeji yake aliuza bruchi ya Malkia kwa sonara wa Windsor, na Malkia akakubali maelezo kwamba kijana aliiokota tu na hakujua. Karim alimsifia baba yake kwa cheo kikubwa cha udaktari. Ofisa mmoja wa ikulu, Fritz Ponsonby, alipokwenda Agra akamkuta mzee ni mtoa dawa wa jela. Aliporudi na habari hiyo Malkia alikasirika, akasema amekutana na mtu mwingine, na mwaka mzima hakumkaribisha mezani.

Lakini nikisoma maneno ya wale waliomchukia, hawakuchukia uongo wala kiburi. Ikulu ilijaa waongo wenye kiburi waliozaliwa Uingereza. Walichukia kuketi naye. Mwaka 1897 Malkia alipotaka kwenda naye kusini mwa Ufaransa, watu wake wote wakakubaliana: Munshi akija, sisi tunajiuzulu. Wakamtuma bibi mmoja apeleke ujumbe. Malkia, mwenye miaka 77, akafagia kwa mkono kila kilichokuwa juu ya meza yake, wino, kalamu, picha, vyote vikaanguka chini. Munshi akaenda Ufaransa.

Nisikudanganye kwamba nilisahau mambo mengine. Bibi huyu alikuwa Kaisari wa Bara Hindi na hakuwahi kuikanyaga. Mwaka ule wa 1897, nchi ya Karim ilikuwa na njaa kubwa na utawala wake ukiendelea kukusanya kodi. Mapenzi yake kwa Mhindi mmoja hayakuwafungulia mlango Wahindi wengine. Nilisimama mbele ya picha ya Bakshiram nikiwa na uchungu huo, na nilisimama mbele ya Karim nikiwa na furaha, na sikuona sababu ya kuacha kimoja ili nibaki na kingine.

Ukumbi wa Durbar ndio unaowavuta watu wengi. Malkia aliuongeza mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwa karamu zake, na aliyeuchora ni fundi wa Punjab, Bhai Ram Singh, pamoja na Lockwood Kipling. Ukiingia unadhani kuta ni pembe za ndovu zilizochongwa. Ni plasta, Khalati. Nilikumbuka mara moja zile zidaka za nyumba za mawe za Lamu, nakshi za chokaa zilizokatwa kwa subira mpaka ukuta unakuwa kama kitambaa cha lesi. Juu ya meko amekaa tausi, mkia umefunuka wote. Nilikaribia kadiri walivyoruhusu, nikahesabu manyoya ya upande mmoja, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Kila unyoya una jicho lake, na hakuna macho mawili yaliyolingana kabisa. Mkono wa mtu ulipita pale.

Ila kilichonikamata zaidi hakionyeshwi popote katika jumba lile. Nilikisoma kabla ya kwenda, na nilitembea nacho siku nzima. Mwaka 1890 Karim aliugua, jipu kubwa la shingoni, akalala kitandani siku nyingi. Daktari wa Malkia, James Reid, alikuwa akiandika kila kitu, na hakumpenda Munshi hata kidogo. Ndiye aliyeandika kwamba Malkia alikuja chumbani kwa mgonjwa mara mbili kwa siku, anakaa, anaangalia shingo, anampapasa mkono, anamwekea mito sawa.

Wewe unaijua kazi yangu. Najua kumwekea mtu mto sawa ni nini. Unamshika bega kwa mkono mmoja, unasubiri avute pumzi, kwa mkono wa pili unavuta mto taratibu ili usimvute nywele, kisha unaupiga kidogo katikati pazame kichwa. Huwezi kuifanya kazi hiyo ukiwa juu ya mtu. Lazima uiname. Daktari aliliandika kama aibu. Mimi nililisoma nikaona kwamba hapo mhudumu na mhudumiwa walibadilishana nafasi na wala mmoja wao hakuona ajabu. Katika barua zake kwa Karim, Malkia alikuwa akijitaja kama mama yake. Nilikuwa nikidhani ni adabu ya kuandika tu. Siku hizi sidhani.

Chumba alichofia Malkia kiko juu. Baada ya msiba wana walikifunga kwa mageti ya chuma, na kwa miaka zaidi ya 50 hakuna mgeni aliyekiona, mpaka Malkia Elizabeth alipokifungua mwaka 1954. Ni chumba kidogo kuliko nilivyotarajia. Kuna kitanda, na kibao cha shaba cha ukumbusho kilichowekwa na wanawe. Alikata roho tarehe 22 Januari 1901, saa kumi na mbili na nusu jioni, watoto na wajukuu wamemzunguka. Mfalme mpya, mwanawe Edward, alikuwa hampendi Munshi, lakini alimruhusu aingie kuaga. Na katika wote waliopita, Karim ndiye wa mwisho kubaki peke yake na maiti kabla jeneza halijafungwa. Nilijaribu kumwona amesimama pale, kijana aliyekuja na miaka 24, sasa mtu wa makamo mwenye mwili.

Siku chache baada ya maziko watu walitumwa nyumbani kwake, Frogmore Cottage, hiyo hiyo ambamo miaka yetu waliishi Mwanamfalme Harry na mkewe Meghan. Wakamtaka atoe kila barua ya Malkia aliyonayo. Zikachomwa nje ya nyumba, mkewe anatazama. Kisha wakaamriwa kurudi kwao. Alifariki Agra mwaka 1909, ana miaka 46, hakuwa na mtoto. Hata baada ya kifo chake walirudi kutafuta makaratasi yaliyobaki.

Lakini madaftari ya Kiurdu yalibaki Windsor. Shajara za Kiingereza za Malkia zilipitiwa na bintiye Beatrice, akanakili alichotaka na kuteketeza asili yake. Yale ya Kiurdu hakuyagusa, maana hakuna mle ndani aliyeweza kuyasoma. Yakakaa kabatini miaka 100, mpaka mwandishi wa habari Shrabani Basu alipokuja Osborne kutembea, akaiona picha ile ile niliyoiona mimi, akajiuliza huyu ni nani aliyevaa namna hii. Kitabu chake kilitoka mwaka 2010, kikatengenezwa filamu mwaka 2017. Na shajara ya Karim mwenyewe nayo ilikuwapo: jamaa zake waliibeba walipohamia Pakistan wakati Bara Hindi lilipogawanywa mwaka 1947.

Nilishuka hadi ufukweni kabla ya kuondoka. Malkia na wanawe walikuwa wakiogelea hapo. Palikuwa na mama mmoja na mtoto wake wanaokota kokoto, basi. Nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi, nikakimbilia feri ya saa kumi na moja.

Jumatatu nilirudi kazini. Yule bibi, unakumbuka nilikwambia, tangu Ramadhani iliyopita ameniomba nimfundishe Kiswahili. Ana miaka 88 na hana mpango wa kusafiri popote. Tunaandika neno moja moja nyuma ya bahasha za zamani, ameshajua maji, dirisha, polepole, na akisema "mto" najua kichwa hakijakaa vizuri. Nikamsimulia safari yote, na zile sentensi za chai na yai. Akanyamaza. Akanywa kidogo kikombe nilichompa, akakiweka chini, akatafuta maneno kwa muda mrefu, kisha akasema wazi kabisa: "Chai hii si nzuri."

Na alisema kweli, iliki ilikuwa imekwisha. Basi Khalati, atakayetoka huko kuja huku, mpe pakiti mbili za iliki na moja ya tangawizi ya unga, ile ya duka la pale Mwembe Tayari, siyo ya sokoni. Nisalimie wote nyumbani, mmoja mmoja kwa jina lake. Goti ulikande kwa mafuta ya uto kabla ya kulala.

Mwanao akupendaye.